Maji ya Mchoyo

Ukitaka kumjua Mama Vibao alivyo, mpelekee neno ulilolikosea. Atakutazama kuanzia viatuni mpaka utosini, atachovya brashi, ataliandika neno lako vile linavyotakiwa kuandikwa, na ukifungua mdomo kulalamika atakuambia shule bado ziko wazi. Mji mzima unasoma mkono wake. Duka la dawa, saluni, gereji, mlango wa choo cha sokoni, lile onyo la "Mbwa Mkali" kwenye geti la bwana ambaye hajawahi kufuga hata paka, yote ni kazi yake. Mume alishafariki, watoto wana makwao, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana. Humo mbao na mabati yameegemezwa ukutani, brashi zimesimama kwenye kopo la tapentaini, na kwenye msumari unaning'inia uzi wa chaki ambao akiuvuta na kuuachia unapiga mstari ulionyooka kuliko tabia za wengi wa wateja wake.

Ndugu aliyebakia naye duniani ni mmoja tu, mdogo wake wa kiume, kinyozi. Jina lake la nyumbani ni Kitinda, kifupi cha kitinda mimba, mtoto wa mwisho, na amelivaa jina hilo mpaka mvi zimemtoka. Alikuwa akijisifia nalo kwa wateja. "Mimi ndiye niliyefunga mlango," husema huku akipuliza nywele kwenye mashine, "baada yangu Mama aliona haiwezekani tena kupata kizuri zaidi." Watu wanacheka, kichwa kinanyolewa, siku inakwenda.

Kinyozi huyu ndiye pia aliyekuwa akiwaongoza Watembezi. Hicho kilikuwa kikundi cha majirani waliochoka kukaa vibarazani wakilaumiana, wakaamua kila mwezi Jumamosi moja asubuhi watembee kwa miguu waujue mji wao. Mwezi huu wataifuata reli ya zamani iliyomezwa na majani, mwezi ujao watakwenda kutazama ndege bondeni, mwingine watasimama mbele ya jengo bovu na kuelezwa lilikuwa la nani. Ni jambo jema, na Mama Vibao alilisifia, kwa mbali. Magoti yake hayakupenda milima na Jumamosi ni siku ya wateja. Kwa hiyo hakuwahi kusikia mdogo wake anasimulia nini huko.

Alasiri moja Kitinda aliingia karakanani bila hodi, kama kawaida yake.

"Dada, leo nimekuletea kazi ya heshima."

"Kazi zako za heshima huwa zinakuja na maneno matupu. Sema."

"Tunaweka kibao. Pale kwenye chemchemi, chini ya kile kiwanda cha ngozi kilichokufa. Watu wanapapenda kuliko kote tunakokwenda. Andika 'Chemchemi ya Mchoyo', herufi kubwa, na upande huu uwachoree mwanamke. Mdomo mrefu, macho yamemtoka, amekumbatia mtungi hivi." Akajikumbatia mwenyewe, akachomoza mdomo, akacheka.

Mama Vibao alikuwa akimalizia kibao cha kuchaji simu. Akaiweka brashi chini.

"Mwanamke gani?"

"Si yule Mchoyo wa kwenye hadithi."

"Nimekuuliza mwanamke gani, Kitinda."

Kicheko kikamkauka kinyozi. Akatazama mlangoni kama vile kuna mtu anasikiliza. "Siku hizi hakuna anayekumbuka kuwa ni Mama," alisema polepole. "Mimi nasimulia tu palikuwa na mwanamke. Simtaji."

Kopo la tapentaini lilipita karibu na sikio lake, likagonga ukuta, brashi zikatawanyika sakafuni. Sisi tunaomjua Mama Vibao tunasema Kitinda alibahatika, maana mwanamke yule mkono wake haujazoea kukosea mstari.

"Unamuuza Mama kwa vicheko vya watu wa Jumamosi! Mama aliyekubeba mgongoni! Halafu unaniletea mimi, mimi, nimchoree mdomo mrefu!"

"Na wewe usinipigie kelele!" Sasa kinyozi naye alipandwa na hasira. "Wewe wakati ule ulikuwa mkubwa, aliyekuchokoza ulimpiga. Mimi nimesoma shule nzima naitwa mtoto wa Mchoyo. Nikiazima kifutio naambiwa nikaombe kwa mama yangu mwenye chemchemi. Nilipigwa, dada, na nikapigwa tena kwa kulia. Nikajifunza kucheka kabla hawajaanza wao. Na kwani ni uongo? Aliwanyima watu maji au hakuwanyima? Maji, dada! Kitu ambacho Mungu mwenyewe hatozi!"

Mama Vibao alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, lingetoka lingemkata mtu maini. Akaufunga mdomo tena, kwa sababu alikuwa ameapa.

"Toka," alisema.

"Usipokiandika wewe, kuna yule kijana anayechapa mabango kwa kompyuta."

"Nitakiandika mimi. Na Jumamosi nitakileta mwenyewe. Haya, toka kabla sijaokota kingine."

Sasa tuseme wazi kile Kitinda alichokuwa hakijui, maana hii si hadithi ya mafumbo. Familia ile ilipokuwa changa ilikaa chumba kimoja huko chini ya kiwanda cha ngozi, na mama yao alikuwa akifua nguo za watu. Chemchemi ilitoka kwenye mwamba hatua chache tu kutoka mlangoni, maji meupe, ya baridi, ambayo ukiyatia kwenye bilauri unaona vidole vyako upande wa pili. Baada ya Kitinda alizaliwa mtoto mwingine, wa kike. Alishaanza kusimama kwa kushika ukuta. Mwaka huo Kitinda alishikwa na surua, akapelekwa kwa shangazi yao asije akamwambukiza mdogo wake, na wakati yuko huko mvua kubwa ilinyesha. Kule juu kiwandani, yale mabwawa ya kulowekea ngozi yalijaa dawa, yakafurika. Asubuhi yake mama alichota maji palepale alipochota siku zote, akakoroga uji, akamlisha mtoto.

Dada mtu naye alikunywa uji ule, akatapika mpaka nyongo, akapona. Mtoto hakupona.

Mama yao hakuwa mjinga. Alirudi kwenye chemchemi, akayanusa maji, akasikia harufu ya ngozi mbichi, kwa mbali sana, harufu ambayo ungeisikia tu kama umefiwa. Akajaza kikombe, akapanda nacho mpaka kiwandani, akamwambia msimamizi anywe. Msimamizi akacheka, akasema maji ni safi kabisa ila yeye hana kiu. Akateremka kwa majirani, akawaambia msinywe, yameniulia mwanangu. Wakamshika mkono, wakampa pole, wakasema ni uchungu unamchanganya, kisha wakainama wakachota. Bomba la mji lilikuwa mbali na foleni yake ilikuwa ya matusi. Nani angeacha maji ya mlangoni kwa maneno ya mfiwa?

Basi mama akakata miiba, akaizungushia chemchemi, akakaa katikati na mchi wa kinu magotini. Akaacha kabisa kusema habari za sumu. Akawa na sentensi moja tu: "Haya maji ni yangu. Sitoi."

Na wale wale waliokataa kuamini kwamba maji yanaua, waliamini mara moja kwamba mwanamke yule ni mchoyo. Hawakuomba hata ushahidi. Waliondoka na ndoo zao wakamtukana njia nzima mpaka kwenye bomba la mji, mvua kwa jua, mwaka baada ya mwaka, na kila aliyemtukana alimtukana akiwa hai, na watoto wake wako hai.

"Mwambie mtu kitu kitamuua, atabishana na wewe," mama alimwambia binti yake katika siku zile za kwanza, akishona ndala iliyokatika. "Mwambie ni mali ya mtu, anarudi nyuma. Waache waniite Mchoyo. Jina hilo ndilo kufuli langu." Halafu akamshika binti kidevu, akamwapisha. Mdogo wake akirudi kutoka kwa shangazi asiambiwe, wala akikua asiambiwe. "Ni mkono wangu huu uliokoroga ule uji. Sitaki anitazame mkono." Kitinda aliporudi aliuliza mtoto yuko wapi, akaambiwa kaenda kwa bibi, akauliza tena, kisha akasahau kama watoto wanavyosahau. Ndipo walipoanza kumwita Kitinda.

Hasira gani hiyo ambayo Mama Vibao alikaa nayo juma lile! Alipiga msasa ubao mpaka mbao ikalalamika. Alimkasirikia mdogo wake kwa kucheka, akamkasirikia mama yake kwa kumfunga mdomo, akaukasirikia mji mzima uliopona kwa ajili ya mwanamke yule na kumlipa kwa tusi. Mteja aliyekuja kuulizia kibao cha kinyesi cha kuku cha kuuza aliambiwa aende akauze kimya kimya. Akapaka rangi ya kwanza, ikakauka, akapiga uzi wa chaki, akaandika. CHEMCHEMI YA MCHOYO. Hajawahi kuandika herufi nzuri namna ile. Kama ni tusi, basi liwe tusi lililonyooka, na anayelisoma asipate kisingizio cha kusema hakuliona.

Kisha akachukua kipande cha mkaa amchore mwanamke. Mkono ukagoma. Alijaribu mdomo mrefu, ikamjia sura ya mama anashona ndala. Akafuta. Akaiacha nafasi ile nyeupe, akakifunga kibao kwenye shuka.

Jumamosi alijitwika kibao kichwani, akawafuata. Watembezi walishangaa kumwona. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu wa jiografia anayetembea na filimbi shingoni, alimpokea kwa bashasha: "Karibu sana, Mama Vibao! Hatimaye!" Mwanamume wa gereji, yule ambaye kibao chake kilikuwa bado hakijalipiwa vizuri, alijitolea kumsaidia mzigo. Akakataa. Palikuwa na mama kijana mwenye mtoto mgongoni, mke wa mwenye saluni ya wanawake. Wazee wenye magoti kama yake walibaki nyuma na fimbo zao, wakisema watafika tu, chemchemi haina miguu. Kitinda alimtazama dada yake mara moja, akageuka, akaanza kazi.

Kusema kweli alikuwa mwongozaji mzuri, na hilo ndilo lililomchoma zaidi dada yake. Aliwaonyesha mti ambao ndege wafumaji wameutundika viota mpaka matawi yameinama. Aliwaonyesha jiwe la mpaka lenye namba zilizofutika. Alijua kila nyumba ilikuwa ya nani na nani alimkimbia nani. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na huyu alikijua kichwa cha kila mtu mjini isipokuwa chake.

Wakafika kiwandani. Paa lilishaanguka, mbayuwayu wanaingia na kutoka kwenye bomba la moshi, na yale mabwawa ya kulowekea ngozi yamebaki mashimo ya saruji yenye majani ndani. "Hapa ndipo jina la mji wetu lilipotokea," Kitinda alisema. "Ngozi za hapa zilivaliwa mbali." Watu wakaingia mashimoni wakapigana picha. Mama mmoja alilala ndani ya bwawa, akakunja mguu, akaomba apigwe akiwa anatabasamu. Mama Vibao alisimama pembeni na kibao chake kichwani, akiuma meno, na Mwenyekiti alipomuuliza kama amechoka alijibu kwamba ndiyo, amechoka sana, lakini si miguu.

Chemchemi ilikuwa palepale. Mwamba uleule, uzi uleule wa maji, mwembamba zaidi. Chumba chao kilishabomoka, umebaki msingi. Kitinda akapanda juu ya jiwe, akakohoa.

"Ndugu zangu, hapa paliishi mwanamke. Mchoyo! Mchoyo kiasi kwamba akikohoa anaziba mdomo, pumzi yake isije ikamfaa jirani. Jioni anakunja kivuli chake anaingia nacho ndani, usije ukakikalia bure."

Watu hoi. Mwanamume wa gereji alikuwa ameshika mbavu, na hadithi yenyewe alishaisikia mara nyingi.

"Siku moja akaamka akasema maji ya Mungu ni yake. Akajaza miiba. Akakaa na mchi. Wajawazito wanapita na ndoo, anawatazama. Wagonjwa wanaomba, anawatazama. Basi Mungu akasema, ala! Akaibana chemchemi, ikawa hii mnayoiona, na mwanamke akaondoka hapa mikono mitupu, hata tone hakubeba." Kinyozi akainua chupa. "Na sisi, kila tukija, tunafanyaje?"

"Tunamkomoa!" wakaitikia wote.

Ndiyo mila waliyojitungia. Kila mmoja alitoa chupa au kikombe, wakapanga mstari, wakakinga maji, na aliyekunywa alipiga kelele, "Mchoyo, umeshindwa!" Mwanamume wa gereji alikunywa, akapiga kelele. Mke wa mwenye saluni akamteremsha mtoto wake mgongoni. Mtoto alisimama kwa kushika mwamba, magoti yakitikisika. Mama yake akajaza kifuniko cha chupa, akacheka, akakisogeza kwenye mdomo wa mtoto.

Mama Vibao alitupa kibao. Alivuka mstari ule kwa mabega, akakipiga kile kifuniko, kikaruka majanini. Mtoto akaangua kilio.

"Una wazimu?" mama kijana alipiga kelele.

"Dada!" Kitinda alishuka jiweni. "Utatuaibisha! Tulishamaliza haya nyumbani!"

"Hatujamaliza. Hatujaanza hata." Sauti yake, ambayo wateja waliizoea, ilikuwa nyingine. "Waambie ni nani. Waambie huyo mwanamke ni nani, wewe hodari wa kusimulia!"

Kinyozi akatazama chini.

"Ni mama yetu," Mama Vibao akawaambia watu. "Mama yangu na mama yake huyu. Mmecheka vya kutosha? Sasa nisikilizeni na mimi, yangu ni fupi na haina utani." Akawaambia. Mvua, mabwawa, uji. Kikombe alichopelekewa msimamizi asiye na kiu. Majirani waliotoa pole wakachota. Miiba. "Aliwaambia ukweli mkamwona kichaa. Akawaambia uongo mkamwita Mchoyo, mkaenda kuchota mbali, mkapona! Baba zenu, mama zenu, waliokuwa wakiishi huku chini, walipona kwa uchoyo wake! Na nyie mnakuja na chupa kumkomoa!"

Waliokuwa wameinua chupa wakazishusha.

"Huo uji," Kitinda alisema. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Nani alikunywa uji? Mtoto gani? Mimi ndiye wa mwisho."

Hapo Mama Vibao alikumbuka kiapo, kidevu chake mkononi mwa mama. Alikikumbuka vizuri sana. Na alimkasirikia mama yake kwa mara ya mwisho, akakivunja.

"Wewe si kitinda mimba," alisema. "Hujawahi kuwa. Ulikuwa na mdogo wako wa kike, alikuwa anasimama kwa kushika ukuta, kama huyu hapa. Ulikuwa unamwita Toto. Uliporudi kutoka kwa shangazi ulimtafuta mpaka chini ya kitanda. Hilo jina unalotambia kwa wateja ulilipata baada ya sisi kumzika."

Kitinda alimgeukia yule mtoto aliyeshika mwamba.

Mwanamume wa gereji ndiye aliyefungua mdomo, na afadhali angeufunga. "Poleni sana," alisema. "Pole sana, Mama Vibao. Lakini mambo ya zamani hayo. Kiwanda kimeshakufa. Sisi tunakunywa hapa kila tukija na hatujafa. Maji yenyewe meupe, tazama." Akainua chupa yake juani, na kweli yalikuwa meupe, na wawili watatu wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Mtu mmoja nyuma alinong'ona kwamba uchungu ni kitu kibaya, unamchanganya mtu hata uzeeni.

Mama Vibao alisikia. Ni maneno yaleyale. Wasemaji walikuwa wamebadilisha nguo tu.

Mwenyekiti akamwaga chupa yake chini. Kisha akasema watayachukua kidogo yakapimwe, kuna ofisi inapima.

"Pimeni," Mama Vibao alijibu. "Wakisema safi, mnywe mpaka mpasuke. Mpaka hapo hanywi mtu."

"Sasa, mama," mwanamume wa gereji alicheka kidogo, "utatuzuia vipi? Ni maji ya Mungu."

Mama Vibao akamtazama kuanzia viatuni mpaka utosini. Kisha akaenda akakiokota kibao, akakifungua shuka, akakisimamisha kwenye mwamba juu ya uzi wa maji. CHEMCHEMI YA MCHOYO, herufi zimenyooka, na pembeni ile nafasi nyeupe isiyochorwa kitu. Akainama kwa shida, goti la kwanza, goti la pili, akakaa chini, mgongo kwenye kibao, miguu ameinyoosha mbele ya maji.

"Haya maji ni yangu," alisema. "Sitoi."

Mwanamume wa gereji alisogea hatua moja na chupa yake. Akaangalia ile miguu. Akarudi nyuma. Asiyeogopa sumu aliogopa mwenye mali, kama walivyoogopa baba zake. Watu wakaanza kukunja vitu vyao, mmoja mmoja, wengine wamenuna, wengine wanafuta macho. Mke wa mwenye saluni alimfunga mtoto wake mgongoni, akamwinamia Mama Vibao, akaondoka.

Kitinda alibaki amesimama. Alitazama ule msingi wa chumba, akatazama mwamba mahali mtoto yule alipokuwa amejishika. Akaigeuza chupa yake, maji yakamwagika yote juu ya viatu vyake. Akaja akakaa chini kando ya dada yake. Hakumwomba radhi, na dada yake hakumwangalia. Bado alikuwa na hasira naye, na alikusudia kukaa nayo muda mrefu.

"Alikuwa anaitwa nani?" Kitinda aliuliza baadaye. "Jina lake hasa."

Akamwambia. Kinyozi akalirudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu.

Ndipo wale wazee waliobaki nyuma walipofika, na fimbo zao, wamechoka. Hawakujua lolote. Wa mbele alikisoma kibao, akacheka, akatoa kikombe kwenye mkoba. "Kazi nzuri hii, Mama Vibao! Haya, tumkomoe Mchoyo wetu," alisema, akainama kukinga maji.

Kitinda alinyoosha mguu wake, akamzibia njia.

"Vipi, Kitinda? Kwani maji ya nani haya?"

"Ya kwetu," kinyozi alisema. "Hatutoi."